Moto wa Nyumba Iliyochomwa

Nilipokuwa mtoto, moto haukuwashwa, uliamshwa. Cucu wangu, mama yake baba, alikuwa anaufunika kwa majivu kila usiku, na asubuhi anaufunua, anaupulizia mpaka unafungua macho. Kiberiti tulikijua. Kilikuwa dukani kwa Mhindi huko Ruiru, na baba alikuwa nacho mfukoni cha kuwashia sigara kabla hajachukuliwa kupelekwa kizuizini. Lakini kuwasha jiko la nyumba kwa kiberiti, hapana. Huo ni moto usio na mama, Cucu alisema, na kitu kisicho na mama hakina adabu.

Siku hizi nikiwaambia wajukuu haya wanacheka, halafu wanamwita pasta aje kupaka mafuta kwenye fremu za milango ya nyumba yao mpya huko Membley. Mimi siwasemi. Nakaa kwa kiti, nakunywa soda, nangoja maombi yaishe.

Kwetu mambo yalikuwa hivi. Nyumba inajengwa kwa siku moja. Watu wanakuja asubuhi, wanaume wanasimamisha nguzo, wanawake wanaleta nyasi, na kabla jua halijazama kuna paa, kuna mafiga matatu, na kuna moto uliotoka kwa nyumba ya zamani. Moto huo unabebwa na watoto wawili, mvulana na msichana, wadogo ambao bado hawajaujua ubaya wa dunia. Nyumba ikilala baridi usiku wa kwanza, inaingiwa na wale waliokufa na hawana mahali pa kukaa. Wakishaingia hawatoki. Na kwa sababu hawali ugali wala viazi, wanakula mtu, na wanaanza na aliye mdogo.

Kwetu aliye mdogo alikuwa ndugu yangu Ngugi. Alikuwa hajaanza kukaa mwenyewe, na alikuwa na kikohozi kilichomfanya awe mwekundu kisha wa bluu. Kwa hiyo mtu akiniambia imani za wazee zilikuwa hadithi za kutisha watoto, namwambia mimi sikuogopeshwa na hadithi. Niliogopeshwa na kifua cha Ngugi, ambacho nilikisikia kila usiku kikivuta kama mlango uliolegea.

Basi wakati wa Hali ya Hatari, chifu akaita watu akasema serikali haitaki tena mtu akae peke yake na shamba lake na migomba yake. Sote tutahamia kijiji kimoja juu ya kilima kile kingine, nyumba zikiwa kwa mistari, na handaki kuzunguka, ili wapiganaji wa msituni wasije kuomba chakula. Sisi tulikuwa tunaishi kila ukoo na upande wake, unaona moshi wa jirani lakini humsikii akigombana na mkewe. Sasa ati tuishi mlango kwa mlango na watu ambao hatukujua hata wanatoka kwa mto gani.

Wanaume wengi walikuwa hawapo. Wanawake ndio waliojenga. Na hawakujenga siku moja, wangejengaje? Asubuhi wanachimba handaki, wanasimamiwa na mahomugadi, wenzetu walioandikwa na serikali na kupewa mikuki, na saa chache zinazobaki kabla ya kafyu ndizo za kusimamisha nguzo. Nyumba yetu ilichukua wiki nyingi. Mimi nilimuuliza Cucu, je, si tayari imeharibika?

"Nyumba ambayo haina paa si nyumba," akaniambia. "Hiyo ni miti imesimama."

Sasa sikilizeni ujanja wa Cucu. Aliezeka paa lote akaacha tundu moja juu, upana wa ungo. Mvua ikanyesha ndani, mama akalalamika, Cucu akawa kiziwi. Alikuwa anangoja siku ya kuhama. Siku hiyo atapanda, aweke mzigo wa mwisho wa nyasi, na hesabu yake ianze hapo: nyumba imejengwa leo, moto unaingia leo. Hakuna mila iliyovunjwa. Sijui wale wa chini, waliokufa, kama walikubali hesabu hiyo, lakini yeye alikubali, na kwetu yeye ndiye aliyekuwa anaongea na wao.

Mama yangu alikuwa msomaji wa kanisa, amebatizwa, na hapendi maneno hayo. "Mama," alimwambia Cucu kwa heshima, "si tuombe tu?"

"Omba," Cucu akamjibu. "Wewe omba, mimi nilete moto. Tukiwa na vyote viwili hatutakosa kitu."

Siku ya kuhama ikafika. Tulikuwa tumeambiwa kufika mchana nyumba za zamani ziwe tupu, kwa sababu zitachomwa, mtu asipate pa kurudi. Cucu aling'oa mafiga yake matatu, akayafunga kwa kamba ya kubebea, akayaweka mgongoni kamba ikiwa kwenye kipaji cha uso. Moto akauacha chini unawaka polepole pale katikati. Akachukua kigae cha chungu, akaweka majivu, akaweka makaa, akafunika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, maana hicho kinashika moto bila haraka. Akampa binamu yangu Kamau ashike upande mmoja, mimi upande mwingine.

"Wakini," akaniambia. Aliniita hivyo, yaani mwenzangu, kwa sababu nilipewa jina lake, sisi wawili ni Wambui. "Usikimbie. Usiuweke chini. Usimpe mtu awashie sigara, hata akiwa chifu. Mimi natangulia kufunga paa. Mkifika nitakuwa mlangoni."

Akaenda. Mama akamfuata na Ngugi mgongoni na mzigo kichwani. Sisi tukatoka nyuma, tunatembea upande upande kama kaa, kila mtu anamwambia mwenzake anavuta sana.

Tulifika vizuri mpaka mtoni. Pale palikuwa na gogo moja la kuvukia, na siku hiyo kilima kizima kilikuwa kinavuka juu ya gogo hilo: vitanda, kuku, vikongwe, magunia ya mahindi. Tukapata nafasi yetu. Tulipofika katikati, mbuzi wa mtu akaamua na yeye ndio saa yake. Alipita kati ya miguu ya Kamau. Kamau akaachilia kigae ashike mbuzi, sijui kwa nini, mbuzi hakuwa wake. Kigae kikaenda majini. Kilipiga kelele ndogo tu, tsss, basi.

Kamau akaanza kulia. Mimi nikampiga kofi. Halafu nikaanza kulia mimi.

"Tumwambie Cucu," akasema.

"Nenda umwambie wewe."

Hakwenda. Hakuna aliyetaka kuwa mdomo wa kusema maneno hayo. Mimi nilikuwa namwona Ngugi tu. Tukarudi mbio kwa nyumba ya zamani, kwa sababu nilijua Cucu ameacha moto chini, tungeweza kuchukua mwingine na asijue hata kidogo.

Tulisikia harufu kabla hatujaona. Nyasi za paa zikiungua zina harufu tamu hivi, kama ya mahindi ya kuchoma, lakini siku hiyo kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa ndani yake. Tulipopanda juu, nyumba yetu ilikuwa imewaka yote, paa limeshaanguka ndani. Na mbele yake amesimama Mwaura.

Huyu Mwaura alikuwa mwana wa Gathoni, jirani yetu wa ng'ambo ya migomba. Alikuwa amekula kwa Cucu tangu utotoni. Sasa alikuwa homugadi, ana koti refu la serikali na mkuki, na karibu na mguu wake kulikuwa na debe dogo. Macho yake yalikuwa mekundu. Moshi, nadhani.

"Nyinyi watoto! Mnataka nini hapa?"

Kamau alijificha nyuma yangu. Nikasema, "Moto."

Akanitazama. Akatazama nyumba. Halafu akacheka, kicheko kibaya, kilichomtoka kama kikohozi. "Moto? Si huu hapa. Jichagulieni."

Nikajichagulia. Nilivunja chungu kilichokuwa kimeachwa kwa sababu kina ufa, nikapata kigae, nikachota majivu ya pembeni, na kwa kijiti nikavuta makaa kutoka kwa mwimo wa mlango wetu, ule ambao baba alikuwa anaegemea akivua viatu. Kamau alinivuta nguo.

"Wambui, huo si moto wetu. Huo ni wa serikali."

"Unachoma nyumba ya nani?"

"Yetu."

"Basi ni wetu."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua. Njia nzima nilikuwa nautazama ule moto kwenye kigae nikijiuliza kama unafanana na wa Cucu. Ulikuwa mwekundu kama mwingine wowote.

Tulifika kijijini jua limeshuka sana. Cucu alikuwa mlangoni kama alivyosema, mikono imejaa vipande vya nyasi, tundu la paa limezibwa. Mafiga yalikuwa yamepangwa ndani. Alitazama kigae akajua si chake kabla hatujafungua mdomo. Kamau, ambaye njia nzima tulikuwa tumekubaliana asiseme kitu, akasema kila kitu.

Cucu hakutupiga. Afadhali angetupiga. Alikaa chini mbele ya mlango, akanyoosha miguu, akasema, "Moto uliokula nyumba hauwezi kulinda nyumba. Hauingii."

"Basi tuwashe na kiberiti, Mama," mama yangu akasema.

"Huo pia hauingii."

"Basi tuingie bila moto, tujifunike."

"Umpeleke mtoto ndani wakamkute kwa giza? Hapana."

Sasa mnaona shida. Nyuma yake nyumba baridi. Mbele yake kafyu, na filimbi ya kafyu ikishalia, anayeonekana nje anapigwa, na kama mwenye bunduki ana wasiwasi, anapigwa risasi. Mama hangeweza kumruka mama mkwe wake mlangoni. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza kushuka, na Ngugi akaanza kile kikohozi chake. Alikuwa anakohoa, ananyamaza muda mrefu mno, anakohoa tena. Kila akinyamaza sisi wote tunaacha kupumua.

Wanawake wa nyumba za karibu wakatoka kutazama. Hatukuwajua. Mmoja akasema, "Mama, ingia, watakuumiza." Mwingine akasema mzee huyu ana kichwa kigumu. Cucu akasema kichwa hicho ndicho kilichobeba mafiga kutoka kule, kwa hivyo kisidharauliwe.

Ndipo Mwaura akapita akishuka mstari, filimbi shingoni, anawafukuza watu waingie ndani. Alipotuona alipunguza mwendo. Angependa kupita, hiyo niliiona. Lakini Cucu alishamwita.

"Mwana wa Gathoni."

"Cucu, ingia ndani. Muda umeisha."

"Nitaingia. Kwanza nijibu mbele ya hawa watu. Ile nyumba yangu, uliiwasha na nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa anauliza homugadi maswali siku hizo. Mwaura akatazama kigae mikononi mwangu. Akatazama mgongo wa mama, mahali Ngugi alikuwa anatafuta pumzi. Mimi nilijua jibu. Nililinusa, na debe nililiona kwa macho yangu.

"Kiberiti changu kilikuwa kimelowa," akasema. "Niliingia ndani nikakuta umeacha moto chini. Nikachukua kijinga kimoja cha moto, nikakiweka kwenye paa."

"Uliuchukua hapo katikati? Mahali mafiga yalikuwa?"

"Hapo hapo, Cucu."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

Mimi nikafungua mdomo niseme debe. Mama yangu, yule msomaji wa kanisa, yule asiyependa maneno hayo, alinifinya mkono wa juu, akakaza vidole akasokota. Nilimeza maneno pamoja na kilio.

Cucu alimtazama Mwaura mpaka Mwaura akatazama chini. Halafu akajishika magoti, akainuka.

"Basi ni moto wangu," akasema. "Ulifanyishwa kazi mbaya, lakini ni wangu. Watoto, leteni."

Tukaingia, mimi na Kamau, tunatembea upande upande. Cucu akatuonyesha mahali pa kumwaga. Akapiga magoti, akapulizia, akaweka vijiti vidogo, moto ukashika. Mama akaingia na Ngugi, akakaa karibu mpaka nikafikiri ataungua. Joto lilipomfikia, kifua chake kikalegea kidogo. Hakupona siku hiyo. Alilala tu, na kwa siku hiyo kulala kulitosha.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe mlangoni kulikuwa na mwanamke amesimama, jirani wa upande wa kushoto, mtu wa kilima kingine, wa ukoo ambao babu yangu na baba zao walikuwa wamegombania mpaka wa shamba kwa maisha yao yote. Alikuwa na kigae kitupu mkononi. Nyumba yake ilikuwa imechomwa asubuhi na hakuwa na Mwaura wa kumuuliza.

Kwetu moto mpya hautolewi nje siku ya kwanza. Hata mtu wa ukoo wako hapewi. Cucu alikuwa ametufundisha hivyo, na mama naye alijua, ndiyo maana alitazama pembeni. Yule mwanamke alikuwa ameshaanza kugeuka kwenda zake.

"Una watoto?" Cucu akamuuliza.

"Msichana ninaye. Mvulana hapana."

"Kamau!" Cucu akaita. "Nenda ukamsaidie mtoto wa huyu mama kubeba. Msikimbie. Na safari hii kukiwa na mbuzi, mwache apite."

Ukatoka moto. Kisha akaja mwingine, na mwingine, kwa sababu habari ndani ya nyumba zilizobanana zinasafiri upesi. Ulikuwa mstari wa watu waliochomewa, na karibu kila nyumba ilikuwa baridi. Aliyekosa mvulana alimwazima Kamau, aliyekosa msichana aliniazima mimi. Tulibeba vigae kutoka mlango hadi mlango wa watu ambao hatukujua majina yao, na Cucu amesimama mlangoni kwetu anapiga kelele, "Mtoto ndiye aingie nao, si wewe mama! Ingia nyuma yake!" Mwaura alikuwa mwisho wa mstari na filimbi mdomoni. Jua lilikuwa limeshazama. Alikaa nayo mdomoni vile vile mpaka nyumba ya mwisho ikatoa moshi, ndipo akapiga.

Sitaki mtu afikirie nasema moto ule ulituokoa. Ngugi alipona, sasa ni mzee anayesumbua watu na habari za sukari yake. Lakini katika mstari ule ule, kwa moto ule ule, watoto wengine walikufa kabla mwaka haujaisha. Njaa na homa hazikuuliza moto wa mtu umetoka wapi. Yule msichana wa jirani ambaye Kamau alimsaidia, tulimzika. Mama yake aliendelea kuamsha moto wetu kila asubuhi, na nilipomwona akipulizia, sikujua kama ni faraja au ni mazoea tu. Labda kwa mtu aliyefiwa hakuna tofauti.

Baada ya Uhuru wengi walikataa kumsalimia Mwaura. Akipita, watu wanatazama miguu yao. Cucu alikuwa anamsalimia, tena kwa jina la mama yake. Nikiwa msichana mkubwa, nimeshajua hasira za siasa, nilimuuliza anawezaje. Tena nikamwambia, kwa kujiona mjanja, kwamba siku ile kulikuwa na debe la mafuta ya taa.

"Ulidhani mimi sina pua?" akasema. Akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye akasema, "Alinichomea nyumba. Na nilipomuuliza, alinijibu vizuri. Mimi siwezi kukumbuka moja nikasahau nyingine."

Kuna wasomi wanaokuja siku hizi, wana simu za kurekodi, wananiuliza mila zetu zilivunjika lini. Wanataka niseme ni mzungu, au ni kanisa, au ni kile kijiji. Nawaambia vyote vilijaribu. Lakini nilichokiona kwa macho yangu ni mila imekaa chini mbele ya mlango jioni, imenyoosha miguu, imekataa kusonga. Ikauliza swali. Ikapewa jibu lisilokuwa kweli sana. Ikainuka ikaingia ndani, kwa sababu kulikuwa na mtoto na alikuwa anapigwa na baridi.